Ngazi ya Ndege Nimeipanda kwa Miguu Yangu

Baba Lado, mume wangu,

Nakuandikia nikiwa Entebbe, nyumbani kwa binti yetu Keji, na kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla watu wengine hawajakufikishia huko uliko. Ngazi ya ndege pale Juba nimeipanda mwenyewe. Hakuna aliyenibeba, hakuna aliyenisukuma, na aliyetaka kunishika kwapani nilimwambia ashike mkoba wangu.

Najua unacheka. Cheka tu, lakini sikiliza mpaka mwisho.

Wewe ngazi ile unaijua. Safari yako ya Kampala, ulipokwenda kutibiwa macho, miguu yako ilikuwa imeshakataa kazi. Vijana wa uwanja walikuweka kwenye kiti wakakibeba wanne, mwanao Lado akiwa mmoja wao, na abiria wengine wakasimama kwenye jua kukungoja upite. Ulijifunika uso kwa kofia. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba viatu vyako. Ulipokwisha kukaa ndani ya ndege ukanishika mkono ukasema, "Mama Lado, wewe usikubali." Hukusema nisikubali nini. Nilielewa.

Mtu aliyekuona siku ile asingejua ulikuwa mtu gani. Mimi nakujua. Nakukumbuka tulipovuka kuingia Uganda, Keji amekaa mabegani mwako na gunia la mtama chini ya kwapa, mimi nimembeba Lado mgongoni, nawe ukinitania njia nzima kwamba watu wa kwetu Wamadi wanatembea kama wanaokwenda kuposa. Nakukumbuka kambini, ukilima shamba letu na la jirani mgonjwa, na jioni bado una nguvu za kuniambia tushindane mpaka kwenye bomba la maji. Nilikushinda. Mpaka unakufa ulisema uliteleza, na mpaka leo nasema hukuteleza.

Halafu tukarudi nyumbani. Tulipofika mtaani Hai Mauna, kule Juba, na watoto wakapata kazi, ulinunua kile kiti cha plastiki cha buluu chenye mikono, ukakiweka barazani, ukatangaza, "Nimelima Uganda ya kutosha. Sasa nakaa." Tukapiga makofi. Sisi sote, Baba Lado, tulipiga makofi! Kwetu mzee aliyeonja ukimbizi akarudi salama hashiki tena jembe. Mtoto anayemwacha baba yake achote maji anasemwa mtaa mzima. Kwa hiyo maji uliletewa, chai uliletewa, hata redio ilipoishiwa betri uliita mtu. Hukuwa mvivu. Uliheshimiwa, na heshima ile ikakula miguu kidogo kidogo. Maradhi mengine ndiyo yaliyokuchukua, hilo najua, lakini miguu ilikuwa imekutangulia.

Ulipoondoka, kiti nilirithi mimi.

Siku za msiba nilikaa kwenye mkeka kama inavyotakiwa. Mkeka ukaondolewa, lakini mimi sikuondoka. Kiden, mke wa Lado, moyo wake unaujua, ni asali. Nikigusa ufagio anaupokea. Nikiinama kwenye moto anakuja mbio. "Haboba, geni," ananiambia, bibi, kaa, na mkono begani unanirudisha kitini. Lado naye akitoka kazini, kule kwenye mizigo ya uwanja wa ndege, anauliza kwanza, "Mama amefanya kazi leo?" Akisikia hapana, anafurahi. "Wewe iko mzee sasa, mama. Wacha sisi tufanye." Nami nilikuwa na huzuni, na mtu mwenye huzuni ukimwambia kaa, anakaa.

Nilijua mambo yameharibika Jumapili moja kanisani. Padri akasema tusimame kwa Injili, watu wote wakasimama, nami nikajivuta, nikajivuta tena, nikabaki kwenye benchi. Mama mmoja Mganda anayeuza nguo sokoni akaniinua kwa nyuma kama anavyoinua furushi. Injili yenyewe sikuisikia. Nilikuwa naiona kofia yako.

Wiki ileile Keji akapiga simu. Baada ya miaka yote ile ya kungoja na kulia, amejifungua mtoto wa kiume, na amempa jina lako. Nikasema naenda kumbeba. Lado akasema, "Sawa mama, mimi itapanga. Vijana watakubeba na kiti, kama mzee." Kama mzee. Alisema kwa upendo kabisa. Nikamwambia kwa kiti siendi. Akasema basi mama, bila kiti hutafika, maana ile ndege ina ngazi na wewe hata benchi la kanisa limekushinda. Kweli tupu, na kweli huuma.

Nikaenda zahanati. Muuguzi, binti mmoja aliyesomea Kenya, akaniminya magoti, akanikunja, akanikunjua, akaniambia niinuke kitini bila kutumia mikono. Sikuweza. Nikangoja aniandikie dawa. "Mama, magoti yako iko sawa," akasema. "Hiyo ni misuli imelala. Kukaa ndio inakumaliza. Inuka, keti, inuka, keti, kila siku. Na ukitumwa kazi, ufanye." Nikamwambia, binti yangu, shida yangu mimi situmwi. Akacheka mpaka akaweka kalamu chini.

Basi vita vikaanza, na uwanja wa vita ulikuwa barazani petu. Asubuhi nakikamata kile kiti chako, nakiegemeza ukutani kisiteleze, naanza wimbo wa kanisa. Ubeti mmoja nainuka na kuketi taratibu, kiitikio napumzika. Mwanzo nilishika mikono ya kiti. Mapaja yalitetemeka, nikakutukana wewe uliyekinunua. Baadaye nikaweka mikono kifuani. Nikashika fremu ya mlango nikasimama kwa vidole, nikashuka, nikapanda. Kiden alidhani nimechanganyikiwa. Alimpigia Lado simu kazini, "Njoo, haboba anacheza na kiti."

Ufagio niliuiba. Ndiyo, niliuficha chini ya kitanda changu nikawa naamka kabla ya Kiden, nafagia uwanja mwenyewe. Jirani aliponiona akamwita Kiden kando kumuuliza kama ananitesa, na maskini mke wa mwanao akalia. Hapo nikamwita, nikamketisha yeye kwenye kiti, nikamwambia, "Mwanangu, wewe ulinipenda vizuri. Sasa nipende vibaya kidogo. Nitume sokoni." Akainuka kitini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Haboba, chumvi imeisha."

Baba Lado, sijawahi kwenda sokoni na furaha namna ile, hata siku za uchumba. Nilipumzika njiani kwa yule mama Mganda, nikarudi na chumvi. Kesho yake zikaisha nyanya. Nakwambia nyumba yetu ilianza kuishiwa vitu vya ajabu. Haba na haba hujaza kibaba, na Jumapili ikaja ambayo padri alisema tusimame, nikawa nimeshasimama kabla hajamaliza neno.

Lado alinunua tiketi, lakini hakuniamini. Siku ya safari kiti kilikuwa kinaningoja pale kwenye lami, na vijana wanne wamejipanga, na yeye amevaa ile fulana yake ya kung'aa, uso umemkauka. Jua lilikuwa kali. Nikampa mkoba. Nikashika chuma cha pembeni, nacho kilikuwa moto, nikaweka mguu wa kwanza. Nilikwenda polepole, sikudanganyi. Katikati nilisimama kupumua, na nikasikia mmoja wa wale vijana akianza kuja. Lado akamwambia, "Wacha. Mwache mama."

Nikaanza kuimba ule wimbo wangu wa barazani, chinichini. Wimbo uliponifikisha juu nikageuka. Wale vijana wanapiga makofi. Mwanao hakupiga makofi, maana alikuwa anajifuta macho kwa mkoba wangu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, nikamwambia kwa ishara ya mkono, sijui kama alielewa. Nilijivunia, mume wangu. Nilijivunia nusura nianguke. Na pale mlangoni, kwa ajili yako, nilivua kitambaa kichwani uso wangu uonekane vizuri.

Kiden amepiga simu jana. Kuku ametaga kwenye kiti chako na hataki kuondolewa. Nimesema aachwe, yeye ana sababu ya kukaa.

Hapa kwa Keji nilipofika waliniletea kochi zuri lenye mito. Nikasema lete mtoto kwanza. Nikainama, nikamweka mgongoni, nikafunga mbeleko, nikanyooka. Ana miguu yako, mizito, na ananipiga mateke mbavuni kama mtu mwenye haraka ya kufika bombani. Nimekuandikia barua hii kwa vipande, kila alipokubali kulala. Sasa ameamka, na akiamka anataka tutembee.

Wewe pumzika, Baba Lado. Wewe una ruhusa. Mimi bado nimesimama.

Mkeo,
Mama Lado