Soketi Inayojizima Mama Mdogo Akifua

Mpendwa Shangazi mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote: mashine ya kufulia ya mama mdogo hunitekenya vidole nikiigusa kwa mikono yenye maji. Mama mdogo ndiye aliyenilea na ananisomesha kwa kufulia watu nguo, na kwenye chumba cha kufulia kuna soketi yenye vitufe viwili, ile inayojizima umeme ukivuja, nayo ilikuwa ikijizima kila akiwasha mashine, ndipo mjomba akasema, "Soketi gani hii inadeka kama bibi harusi!" akavuta waya wa ekstensheni kutoka sebuleni, mashine ikazunguka, wote wakashangilia, na tangu hapo ndipo nikaanza kutekenywa, lakini mjomba huniita Profesa na nikifungua mdomo hucheka, na Jumamosi anakuja kuing'oa soketi aweke ya kawaida, naogopa kusema na naogopa kunyamaza.

*Profesa wangu, pole, na ahsante kwa kuandika kabla ya msiba. Sasa nikugombeze kidogo. Umeme umekugusa, wewe unaogopa kuchekwa? Kicheko hakijaua mtu.*

*Soketi hiyo huenda haideki hata kidogo. Inawaambia kwamba mashine inavuja umeme, nanyi mmeizunguka kwa mlango wa nyuma. Mwambie mama mdogo leo hii. Azime swichi ya sebuleni, achomoe ekstensheni, mikono iwe mikavu. Kisha ipimeni soketi bila mashine: bonyezeni kitufe cha kurudisha umeme, chomekeni taa, bonyezeni cha kupima. Taa ikizimika, soketi inalinda, na mgonjwa wa kushukiwa ni mashine. Isipozimika, ibadilishwe kwa nyingine ya aina ile ile. Vyovyote iwavyo, mashine isiwashwe mpaka fundi umeme aikague. Na wewe usifungue kitu, hata kama umemaliza maktaba nzima.*

Shangazi, ahsante sana. Nilimwambia mama mdogo akiwa anatenga nguo nyeupe. Alizima swichi palepale, akaniuliza, "Na siku zote hizo ulikuwa unanisaidia kusuza?" akanikumbatia bila kungoja jibu. Tulipopima, taa ilizimika. Fundi alikuta waya ndani ya mashine umechubuka na unagusa bati la mashine, akautengeneza, na mashine ikazunguka kwenye soketi ile ile bila kuizima.

Jumamosi mjomba alikuja na bisibisi yake. Nilisimama mbele ya soketi, nikasema, "Mjomba, hii haiondoki." Kisha nikamweleza kwa nini.