Huo Tumeuzoea

Mwenzangu, upo? Usinipigie, sina sauti ya kuongea. Soma tu.

Leo tumejaribu king'ora cha mafuriko. Kile kile nilichokuchosha nacho, cha wakazi kujichagulia mlio wenyewe.

Unakumbuka nilivyotamba? Niliwasikilizisha milio kibao pale ukumbini, wakanyoosha mikono wote kwa mmoja. "Huo huo! Huo tumeuzoea!" Nikawapigia makofi. Sikuuliza wameuzoea wapi.

Tulikubaliana wakiusikia wapande shuleni, kule kilimani. Basi.

Nikabonyeza. Milango ikafunguka mtaa mzima. Nikasema moyoni, haya, tumepatia.

Wakatoka na mifuko ya taka.

Mifuko ya taka, mwenzangu. Ule ni mlio wa gari la taka! Wakateremka wote hadi ukingoni mwa mfereji, gari linaposimamaga, wakapanga foleni. Pale pale maji yanapoanza kufurika.

Diwani, aliyekuja kushuhudia jaribio, akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Hata aibu sikuisikia, ni ganzi tu.

Na wa kwanza kwenye foleni ni nani? Mama mkwe wangu. Unamjua na usafi wake.

"Mwanangu, gari liko wapi?"

Nikamwambia, mama, hakuna gari, tunajaribu king'ora cha mafuriko.

Akatazama mfereji, akatazama foleni nyuma yake. "Kumbe tungekufa. Lakini nyumba tungeziacha safi."

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Mimi nikampokea mfuko wake, kwa adabu, kama mkwe.

Sasa nimekaa ofisini. Bado nimeupakata ule mfuko.