Mfereji Tumeuzibua, Mama

Mama,

Mpunga umeiva. Nakuambia hilo kabla ya salamu, kwa sababu najua ungeliuliza hata kabla ya kuniuliza kama mimi ni mzima.

Siku zako za mwisho katika hospitali ya Ngao ulinishika mkono ukasema, "Nimewaulia shamba." Ardhi niliiona mwenyewe: ngumu, imepasuka, mahindi ya manjano yasiyofika kiunoni. Niliogopa wanangu watahamia Garsen wakachunge ng'ombe wa watu.

Ile mbolea nyeupe ya magunia uliianza mwaka Malkia alipotawazwa, na msimu wa kwanza ulivuna hadi ukaringa, usikatae. Kisha ukahofu mto ukifurika utaichukua mbolea yako, ukaziba mdomo wa mfereji kwa udongo na magogo ya migomba. Maji yakaenda kwa jirani, nawe ukamcheka. Kila msimu ukaongeza mbolea, kila msimu mavuno yakapungua. Ulikuwa mbishi wewe, Mama. Nakukumbuka kwa ubishi huo huo, na nakulilia.

Baada ya matanga bwana shamba alikuja akaupima udongo. Akasema umekuwa mchachu. Mbolea ya aina ile ikitiwa miaka mfululizo huuchachusha, na sisi tulilifungia nje tope la mto ambalo lingeutuliza. Nikamuuliza kama shamba limekufa. "Halijafa," akasema, "ila lina njaa." Nililia mbele yake bila haya.

Mimi na Mjomba Yona, ndugu yako, tukauzibua mfereji. Alinung'unika mchana kutwa: "Dadangu alishindilia hapa kama anaficha dhahabu." Mto ulipojaa, tope likalala shambani kote, tukapanda mpunga badala ya mahindi. Mavuno ya kwanza yalikuwa haba, nikakata tamaa kidogo. Safari hii kitindamimba wangu amepotea ndani ya mpunga, nikawa namsikia tu akicheka. Moyo wangu umetua, Mama. Na wako utue.

Mbolea sijaitupa. Natia kiasi, maji yakishapita. Nakuahidi mfereji hautazibwa tena nikiwa hai.

Kwaheri, Mama, pumzika. Jana mwanangu mkubwa, aliyekwisha kufunga mzigo wa kuhama, aliniomba nimkatie sehemu ya kulima. Nimempa yako.

Mwanao,
Eliza