Eti Mjomba Andati Alikuwa Kasuali

Chrispo, leo nitapiga mtu, tena mazishini!

Meneja wa kiwanda amesimama kumwaga rambirambi kwa Kiingereza, mimi natafsiri kwa Kiluhya. Akasema mjomba Andati alikuwa kasuali wao mzuri. Kasuali! Mtu amelisha mashine miwa miaka kumi na tisa!

Kukhu, mama ya marehemu, akanivuta koti: "Mjukuu, kasuali ni nini?"

Ni kibarua wa siku, Chrispo. Wa leo, kesho hawamjui. Ningemwambia hivyo mbele ya jeneza?

Nikashika maiki: "Anasema bila Andati, hicho kiwanda hakingesaga hata muwa mmoja."

Watu wakapiga makofi. Kukhu akalia akitabasamu. Na huyo meneja akainama kushukuru, eti anashangiliwa yeye!