Hema Liko Gerezani

Mama Elieshi,

Hema hakuna. Uliliazimisha msibani, mtaa wa Gerezani, bila kuniuliza, kama chungio la nazi. Asubuhi nimelifuata, nikamkuta mjane amekaa chini yake na wenzake. Akaniambia, "Shemeji, umekuja kukaa nasi?" Ningefungua kamba gani mbele ya macho yale? Nikagongomea kigingi kilicholegea, nikaondoka.

Nimetangulia kambini Pugu na lori la kwaya, nishike nafasi pale karibu na maji tulipochagua. ~~Msinifuate.~~ Njooni na treni ya mchana. Sufuria kubwa, mikeka, taa. Chumvi usisahau tena.

Wanaanua tanga Jumapili, siku ile ile tunayorudi. Usiku wa siku tatu, watoto wanne, chandarua kimoja.

Baba Elieshi