Jogoo wa Mnada

Njombe, Jumapili

Shangazi Judith,

Shikamoo. Baridi ya huku ni ile ile, na sweta ulilonifumia silivui hata darasani. Nakuandikia kwa sababu simu nyumbani mnaisikiliza wote kwa spika.

Chuoni tunajifunza kuandika programu. Nikikosea alama moja tu, kompyuta inagoma, na mimi sijui nimekosea wapi. Wenzangu wameizoea tangu utotoni. Somo hilo nimefeli, Shangazi. Mtihani nitaurudia Septemba.

Nawawazia washarika wa Mahongole. Siku ile ya mnada baada ya ibada, mliponichangia kompyuta, mzee Shedrack alimnunua jogoo wetu akamrudisha mezani anadiwe upya. Mama Nelly naye akamnunua, akamrudisha. Jogoo alinunuliwa na nusu ya kanisa, na hakuna aliyemcheka kwa kurudi.

Baba mwambie mwisho, akishamaliza kuvuna viazi. Wengine wakikuuliza habari zangu, usiwafiche. Waambie jogoo amerudishwa mezani, na bado anawika.

Mwanao,
Enoki