Ghala Lenye Mlango Mmoja

Torskevik, Norwei
Jumapili, 3 Machi 2019

Mpendwa mdogo wangu Torleif,

Habari za Halifax, na goti lako linaendeleaje? Maureen aliniandikia kwamba sasa unatembea bila fimbo. Nimefurahi kusikia, naye mpe salamu zangu. Huku sote ni wazima isipokuwa mama, ambaye habari yake inakuja.

Sunniva wetu, binti wa ndugu yetu Oddny, aliniambia jana kwamba umelikataa badiliko lake kwenye programu yako ya simu kwa mara ya tatu. Jibu lako lilikuwa mstari mmoja: alete vipimo kwanza. Nimeusoma ukurasa aliokutumia. Vipimo viko juu kabisa, kabla ya neno jingine lolote. Hukuusoma, Torleif.

Sasa mama. Mwezi uliopita, Jumatatu asubuhi, aliteleza kwenye barafu mlangoni akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Alipiga simu ya daktari wa zamu, hiyo inayoendeshwa na ushirika wetu kwa programu uliyoiandika wewe. Mashine ikamwambia wahudumu wote wanaongea na simu, asubiri. Alisubiri akiwa amekaa sakafuni mpaka jirani alipomsikia na kumpeleka mwenyewe. Amefungwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko. Anasema nikwambie kwamba simu yako ina adabu kukushinda, maana yenyewe angalau ilimpigia muziki.

Utasema dada ni mtu wa magazeti, seva anazijulia wapi. Ndiyo maana Jumatatu iliyofuata nilikwenda kukaa katika chumba cha wahudumu. Kwenye kioo cha kompyuta majina yote yalikuwa mekundu, maana yake wote wanaongea na simu. Nikageuka, nikawaona watatu wamekaa tu. Asbjørn, mkuu wao, aliinua kikombe chake.

“Kompyuta inasema naongea, dada. Labda naongea na kahawa.”

“Na wagonjwa?”

“Wako kwenye foleni. Muulize mdogo wako huko Kanada wanasubiri nini.”

Nilimuuliza Sunniva badala yako, kwa kuwa yeye hujibu. Ulijenga ghala moja la kumbukumbu lenye mlango mmoja. Simu ikiita, ikipokelewa, ikikatwa, tukio hilo lazima lipite mlangoni, mlango ufungwe, picha nzima ya simu hiyo inakiliwe upya hata kama kilichobadilika ni kitu kimoja, kisha ufunguliwe kwa linalofuata. Siku tulivu hakuna anayegundua. Jumatatu asubuhi habari kwamba Asbjørn yuko huru hukwama nyuma ya matukio mengine, na foleni huendelea kusoma habari ya zamani.

Anachotaka Sunniva ni kila simu ibebe hali yake yenyewe, foleni iiulize simu moja kwa moja, na kinachonakiliwa kiwe kile tu kilichobadilika. Amelijaribu badiliko hilo kwenye mashine ya pembeni akirudia matukio ya asubuhi ileile aliyoanguka mama. Kuchelewa kuliisha. Sikufichi kwamba linakula nafasi zaidi kwenye kompyuta. Naye hakukuficha, ameliandika.

Nilipokupigia wiki iliyopita ulicheka. “Hao watoto wanataka kubomoa nyumba kwa sababu ya kitasa.” Nikakwambia kitasa kimekwama na mama yuko nje. Ukaanza kunieleza hali ya hewa ya Halifax.

Kanuni kwamba hakuna anayegusa sehemu ya programu bila ruhusa ya aliyeiandika uliiweka wewe, na kwa miaka yote hii watu wa ushirika wameiheshimu, hata ulipohama. Sasa uvumilivu umewaishia. Pasaka inakuja, na unazijua Pasaka zetu: mji mzima mlimani kuteleza kwenye theluji na miguu inavunjika kila siku. Halmashauri ya ushirika inapendekeza kuchukua nakala ya programu, kuifuta kanuni yako na kuendelea bila wewe. Hapo utabaki mlinzi wa ghala ambalo halina mtu ndani.

Anayepinga ni Sunniva peke yake. “Mama mkubwa, hiyo ni kazi ya mjomba. Sitaki kumtoa, nataka asome.” Mimi nisingekuwa mpole hivyo. Amewaomba wakungoje mpaka Ijumaa hii, saa sita mchana kwa saa zetu, ndiyo maana nakuandikia kwa barua pepe. Ukiidhinisha, badiliko linaingia na jina lako linabaki. Ukikaa kimya, wanachama watapiga kura.

Mama ni mwanachama. Nilimuuliza atapiga kura gani. Alisema mkono wa kulia hauinuki, atainua wa kushoto, na kwamba hatakuwa upande wako.

Oddny anakusalimu, na Asbjørn pia, ingawa salamu zake nimezipunguza makali. Mungu akulinde, alilinde na hilo goti, akupe na nusu saa ya kusoma.

Mkutano wa kura hiyo ni Jumanne, tarehe 12 Machi, saa kumi jioni. Mama ameshaagiza teksi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata wiki hii,
Ragna